Vitufe Tulivyomsogezea Filomena

Marahaba, marahaba, na msinichekee. Nina hasira na ninyi vijana na sitaanza kwa kuwabembeleza.

Juzi nilikwenda mtaa wa Pasua kutoa kopi ya kitambulisho. Steshenari yenyewe ndogo, mashine mbili na printa moja, na binti aliyekuwa anachapa amejifunga bendeji kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Nikasimama nyuma yake nikamtazama. Anashika mausi, anaipandisha mpaka juu kwenye menyu, anabofya, anashuka, anakopi. Anarudi chini. Anapanda tena, anabofya, anapesti. Kwa kila neno! Nikamwuliza, "Mwanangu, mkono una nini?"

"Unauma tu, bibi. Nimeshauzoea."

Ameuzoea! Nilitaka kumnyang'anya ile mausi niitupe barabarani. Na mwenzake pembeni, kijana wa kiume, hata macho hakuyatoa kwenye simu, akasema, "Bibi, si ndio kazi?"

Kazi gani? Nimeifanya kazi hiyo miaka yangu yote ya nguvu, hapa hapa Moshi, tangu taipureta mpaka kompyuta, na ninawaambia kuumia si kazi. Ukiona unaumia ujue kuna kitu kimekaa mbali na wewe bila sababu. Kisogeze. Kompyuta inakuruhusu kuhamisha vitufe, kukipa hiki kazi ya kile, kuleta karibu yaliyo mbali, na hailazimu kuomba ruhusa kwa mtu. Ninyi mnaiacha kibodi kama ilivyotoka kiwandani, kana kwamba aliyeitengeneza alikuja Pasua akakupima mkono. Halafu mnafunga bendeji na kusema mmezoea. Mnanichefua, kwa kweli.

Mimi kusogeza vitu nilifundishwa na Mama Jayanti, mke wa Bwana Jayanti, mwenye steshenari iliyoniajiri nikiwa msichana. Ilikuwa mjini, mtaa wa nyuma ya soko. Biashara zilikuwa ndiyo kwanza zinafunguliwa, karatasi nyeupe zimeanza kupatikana bila kumjua mtu, na kila mwenye duka alitaka mihuri, risiti na barua zenye jina lake juu. Kazi ilikuwa tele. Mama Jayanti alichapa kuliko sisi sote na hakuwa mpole hata kidogo. Alipita nyuma ya migongo yetu na rula mkononi. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimenyoosha mkono kuchukua karatasi kwenye meza ya pili, akanigonga kiwiko.

"Mkono unakwenda wapi?"

"Kuchukua karatasi, mama."

"Karatasi ina miguu, itakukimbia?"

"Haina, mama."

"Basi ilete karibu mara moja asubuhi, usiifuate siku nzima."

Huo ndio uliokuwa ukali wake, ukali wa kukutunza. Alituwekea vipande vya mbao chini ya taipureta, huyu virefu, yule vifupi, kila mtu kwa kimo chake. Kulikuwa na msichana mwenye mikono mifupi, ule mkono wa chuma wa kurudishia mstari ukawa unamtesa, basi Mama Jayanti akamwita fundi, akaurefusha kwa kipande cha bomba. Wateja walicheka wakisema mashine ile ina pembe. Yeye akawajibu kwamba mashine ndiyo inayomfuata mtu, si mtu kuifuata mashine, na kama hawataki barua iliyochapwa na mashine yenye pembe waende wakaandike kwa mkono. Hakuna aliyekwenda.

Kompyuta zilipokuja hazikutusumbua sana mwanzoni. Zile za kwanza skrini yake haikuwa na picha wala vidude vya kubofya, ni maandishi matupu, na kila jambo ulilifanya kwa vitufe vya juu, vile vyenye F. Juu yake tulibandika ukanda wa karatasi unaokueleza kipi kinafanya nini. Mikono ilitulia pale pale kwenye kibodi, macho yakaenda kwenye ukanda mpaka ukazishika kazi zote kichwani. Baadaye zikaletwa mpya, zenye madirisha na rangi, na hii mausi. Muuzaji akatuambia kwamba sasa kazi imerahisishwa, hata mtoto anaweza. Ndiyo, mtoto anaweza, kwa sababu mtoto anacheza kidogo halafu anakwenda kula. Sisi tulikaa nayo kutwa.

Wakati huo Mama Jayanti alishaondoka kwenda kuishi na mwanawe ng'ambo, na mumewe akawa na shughuli zake za vipuri vya magari. Steshenari akamwachia meneja, Bwana Temba. Temba hakuwa mwizi wala mlevi, niseme kweli yake. Alifika mapema, alivaa tai, na kila Jumapili alisoma somo kanisani. Lakini kwake mtu alikuwa kitu cha kuwekwa mbele ya mashine, basi.

Sasa niwaambie juu ya Filomena, maana huyu ndiye ananipandisha presha mpaka leo.

Filomena aliketi meza iliyopakana na yangu. Alikuwa ameolewa Mwika, mume na watoto wako huko juu mlimani na baba mkwe, na yeye amepanga chumba hapa mjini, Njoro. Jumamosi anapanda nyumbani, anakata majani ya ng'ombe, anafua, anapika, Jumatatu asubuhi yuko mezani. Bei ya kahawa ilikuwa imewavunja moyo watu, wengine wameanza kung'oa mibuni, kwa hiyo nyumba ile ilisimama kwa kazi ya Filomena. Alikuwa hodari jamani! Majina yetu haya ya Kichagga, ambayo mgeni akiyachapa yanatoka yamevunjika mbavu, yeye hakuuliza mara mbili. Mkate wetu ulikuwa kadi za harusi na ratiba za mazishi, na familia zilikuja zikimwulizia yeye kwa jina.

Mkono ukaanza kuuma. Wa kulia, wa mausi. Kwanza kwenye kidole gumba, halafu kifundo, halafu ukawa unapanda. Nikamwona anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nikamwona anaangusha stepla. Na kila mtu akawa daktari! Jirani zake Njoro wakasema ni panga la kukatia majani. Wanajumuiya wakasema aombewe. Shangazi yake akamchua kwa samli akisema ni baridi ya mlimani, na mwingine, Mungu amsamehe, akasema kuna mtu anamwonea wivu. Hospitali wakamwambia apumzike. Apumzike wapi, juu ya mti? Hakuna hata mmoja aliyekuja kutazama meza yake na kuona ule mkono unavyokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kutwa nzima.

Nikamwambia, "Filo, tumweleze Temba."

Akanishika sketi. "Dada, nakuomba kwa jina la Mama Maria, usimwambie. Ulimwona yule aliyesema mgongo unamuuma?"

Nilimwona. Aliambiwa akapumzike nyumbani, na kabla hajapona kiti chake kikawa na mtu mwingine. Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: Filomena akisema anaumwa, kazi imekwenda. Akinyamaza, mkono umekwenda. Wakubwa wanakwambia mvumilivu hula mbivu. Mimi nimelelewa kwenye migomba na ninajua ndizi inavyoiva, haihitaji mtu kuvunjika mkono.

Basi nikaanza kuchokonoa mashine. Kwenye programu yetu ya kuchapia kulikuwa na menyu ya Tools, na kule chini yake Customize, na ndani ya Customize pameandikwa Keyboard. Nilipita hapo kila siku bila kuingia. Siku niliyoingia nikasema loo, kumbe! Unachagua kazi unayoitaka, unabonyeza vitufe unavyovitaka wewe, unakubali, basi. Kazi imehamia pale ulipoiambia ihamie.

Mwanzoni nilipata wazimu, nikahamisha kila kitu. Nikaweka kufunga faili jirani na kuhifadhi, nikafunga barua ya paroko, mashine ikauliza kama niihifadhi, kwa haraka nikajibu hapana, ikapotea yote na paroko amesimama dirishani anasubiri. Jifunzeni hapo. Kitufe cha hatari kiweke mbali na kile unachokigusa kila mara. Usihamishe kumi siku moja, hamisha viwili vitatu, vizoee, ndipo uongeze. Usianze na yale unayoyapenda, anza na yale unayoyarudia. Na vidole vikubali bila kujikunja. Ukiona kidole kidogo kimejipinda kwenye Kontroli huku kingine kinatafuta kitufe upande wa pili, hujasaidia kitu, umehamisha maumivu tu.

Kwa Filomena tulianza na jambo jepesi. Tuliivusha mausi upande wa kushoto wa kibodi na kugeuza batani zake. Alihangaika mwanzoni, mshale ukikimbia kama kuku aliyeona kisu, akacheka mpaka machozi. Akazoea. Mkono wa kulia ukaanza kupoa. Siku moja nikamwona ameshika kikombe kwa mkono mmoja, nikafurahi nikamnunulia sambusa.

Ndipo akaja mzee mmoja kutoka Kibosho, amefiwa na mama yake, amekuja kuchapisha ratiba ya mazishi. Tulimwamkia, tukampa pole, tukampa kiti. Akaketi na kofia yake magotini anamtazama Filomena akipanga maandishi. Ghafla akasema, "Mama, huo ni mkono gani?"

Filomena hakuelewa. "Upi, baba?"

"Huo unaoshikia hicho kidude. Jina la mama yangu unalivuta kwa mkono wa kushoto?"

Mnajua kwetu. Huwezi kumpa mtu kitu kwa kushoto, huwezi kupokea kwa kushoto, na mtoto mwenye kutumia kushoto alichapwa mpaka ageuke. Filomena akaiachia mausi, akasimama. Mimi sikuweza kunyamaza, sijawahi kuweza.

"Baba, pole sana na msiba. Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

"Asteria."

"Basi njoo utazame. A hii hapa, kushoto. S kushoto. T, E, R, zote kushoto. I tu ndiyo iko kulia, na A ya mwisho tunarudi kushoto. Hiyo ndiyo mashine, baba. Jina la mama hata lingechapwa na askofu lingepita mkono wa kushoto."

Nilidhani nimemmaliza. Mzee akainuka akapiga bakora sakafuni. "Kumbe siku zote mnatutukania marehemu wetu!"

Loo! Temba akatoka ofisini na tai yake, samahani mzee, samahani sana mzee, akamsindikiza mpaka nje kwa kuinama. Aliporudi hakuuliza kitu. Akaichukua mausi ya Filomena, akairudisha kulia mwenyewe, akasema, "Hapa tunahudumia watu wenye mila." Yule mzee simlaumu, alikuwa na uchungu wa mama yake na hakujua kibodi ni kitu gani. Temba alijua. Temba mwenyewe alikuwa mchapaji zamani, herufi A alikuwa anaipiga kwa kidole kipi, cha mguu?

Nikamwambia Filomena, kama kosa ni mausi kuonekana kushoto, basi isionekane kabisa. Tukapanga kibodi yake upya ili mausi asiiguse. Kidole gumba cha kushoto kikae kwenye Alt, na vidole vingine vya kushoto vifanye kazi zote za kubofya. Alt na Q, kichwa cha habari kinakwenda katikati na herufi zake zinakoza wino. Alt na A, herufi zinakua. Alt na Z, zinapungua. Alt na X, ukurasa mpya. Halafu yale maneno tunayoyarudia kila siku tukayaficha ndani ya vitufe, ukibonyeza yanajitokeza yenyewe mstari mzima. Alt na D, "mnakaribishwa nyumbani kwa chakula." Alt na W, "mwili utawasili nyumbani saa nne asubuhi," maana ndivyo karibu kila ratiba ya mazishi ilivyokuwa, na saa ungebadilisha tu. Tukakata ukanda wa karatasi kama zamani, tukaandika kila kitufe na kazi yake, tukaubandika juu ya kibodi. Mteja akitazama anaona mikono miwili imetulia, heshima tupu. Na kazi ilitoka haraka mpaka watu wa harusi wakawa wanasubiri zamu ya Filomena.

Ule ulikuwa wakati mzuri. Alianza tena kufunga vifungo vya gauni lake bila kuniita chooni nimsaidie. Alikuwa anaimba akichapa, sauti mbaya, tukamvumilia. Vijana, sikilizeni: hicho ndicho kitu kidogo ninachowapigia kelele. Vitufe kuhama, mwanamke akaimba.

Temba akakiharibu. Siku moja Filomena amekwenda kula, kadi ya harusi ya watu wakubwa inatakiwa upesi, Temba akaketi kwenye mashine ya Filomena. Yeye alizoea kubonyeza Alt na W ili apate menyu ya kuhamia faili jingine. Akabonyeza. Ukanda uko mbele ya pua yake, hakuusoma. Hakutazama skrini, akatuma kwenye printa rundo zima, akazifunga, akazikabidhi. Kesho yake mjomba wa bibi harusi akaingia ameishika kadi kwa vidole viwili. Ilikuwa imepambwa maua na njiwa, na inasema hivi: familia zote mbili zina furaha kukualika wewe na mwenzi wako, mwili utawasili nyumbani saa nne asubuhi.

Mimi nilicheka, sitaki kuwadanganya, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yule mjomba hakucheka. Alisema wameitiwa mkosi, akamkemea Temba mbele ya wateja, na Temba akasimama pale anatoka jasho ndani ya tai. Baadaye akatuita. Hakusema alibonyeza nini. Akasema, "Filomena amechezea mashine ya ofisi." Akamleta fundi, mashine zote zikarudishwa kama zilivyotoka dukani. Ukanda wa Filomena akaubandua kwa kucha zake, akautupa.

Nilimfuata ofisini. Nikamwambia tuifunge mashine ile kwa neno la siri, aitumie Filomena peke yake. Akakataa. Nikasema basi tuviache vitufe, tuondoe yale maneno ya mazishi tu. Akakataa. "Mama Aika," akaniambia, "mashine ni za ofisi, si za mkono wa mtu." Nami nikamwuliza hiyo ofisi inachapa kwa kutumia nini. Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Ikafika Desemba. Mnaijua Desemba ya huku. Watu wote waliotawanyika wanarudi mlimani, harusi, kipaimara, ubatizo, ndafu, yule mbuzi wa kuchomwa mzima, kila kona, na kila shughuli inataka kadi na ratiba. Foleni ilitoka nje ya mlango. Filomena akarudi kwenye mausi, mkono wa kulia, kutwa. Nikamwona siku ya kwanza, nikamwona ya pili. Uso wake ukawa wa kijivu. Punda afe, mzigo ufike, ndicho nilichokiona pale.

Asubuhi moja nikainuka. Nikang'oa mausi zote, yangu, ya Filomena, za wengine, na ya Temba nikaifuata huko huko ofisini kwake. Nikazitia kwenye kikapu changu juu ya ndizi nilizonunua za mtori, nikaketi nimekipakata. Wateja wamejaa wananitazama. Temba akatoka.

"Mama Aika, lete mausi."

"Nitaleta. Mwache Filomena apange vitufe vyake. Muda wa chai tu unatosha."

"Lete mausi, watu wanasubiri."

"Na wasubiri. Wamengoja mwaka mzima kuoana, watashindwa kungoja chai?"

Watu wakacheka. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Bwana, mpe basi huo muda, kwani unapungukiwa nini?" Na mwingine akaitikia. Nikaona nimeshinda, jamani. Nilimwona Temba anameza mate. Kisha hakunitazama tena mimi. Akamgeukia Filomena, na sauti yake ikawa laini kabisa.

"Filomena, mkono wako ni mgonjwa?"

Mnaona ujanja wa mtu huyo? Akisema ndiyo, mgonjwa anakwenda kupumzika nyumbani, na nyumbani wanamtegemea yeye. Nikamtazama Filomena nikimsihi kwa macho aseme. Sema, Filo. Sema mbele ya watu hawa wote.

"Hapana, bwana," akasema. "Mkono ni mzima."

"Mausi unaweza kuitumia?"

"Naweza."

Akainuka kwenye kiti, akaja mbele yangu, akaingiza mkono wa kulia kwenye kikapu na kuitoa mausi yake mwenyewe. Niliviona vidole vyake vinashindwa kuikamata, ikamteleza, akaikamata tena. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Niwie radhi, dada." Akarudi akaketi. Yule mama wa kwenye foleni akasogea mbele akasema anataka kadi za rangi ya waridi.

Nilimkasirikia Filomena siku ile kuliko nilivyomkasirikia Temba, ninasema wazi. Sikumsemesha mpaka jioni. Lakini hasira ya kumkasirikia mtu aliyebanwa ni hasira ya kipumbavu na haikukaa. Ile ya Temba imekaa. Tangu siku hiyo kila msichana aliyeletwa pale nilimfundisha kuhamisha vitufe kimya kimya, na nikamwambia ahifadhi mipango yake ya vitufe kwenye disketi aifiche kwenye mkoba, wakifuta airudishe. Ninyi hamna hata sababu ya kuficha. Hakuna Temba anayekusimamia, mnajisimamia wenyewe na bado mnajitesa.

Filomena aliimaliza Desemba ile. Aliimaliza yote, kadi zote, hakuna harusi iliyokosa. Kwaresima haikuisha, mkono ukafa ganzi, vidole havikunji wala havikunjuki. Temba akamwambia akapumzike. Kiti kikapata mtu.

Nilikawia kwenda kumwona kwa sababu ya kazi, na nilipopata nafasi nikapanda Mwika na kifurushi cha sukari na majani ya chai. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nimewakuta uani, baba mkwe kwenye kiti chake, mume, wazee wengine wawili wa ukoo, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeiva wanakunywa. Nikaamkia, nikapewa kigoda. Kwetu ukimkosea mtu unamletea jani la sale, na akiliona hawezi kukukatalia msamaha. Mpaka wa kihamba kile, shamba lao la ukoo, umejaa masale toka kona mpaka kona. Nikayatazama yale majani nikajiuliza nani aliwahi kuchuma hata moja kumletea Filomena. Hakuna.

Akatoka ndani na kata ya mbege kwa ajili yangu. Mkono wa kulia umelazwa tumboni ndani ya kanga. Ameishika kata kwa kushoto, na ilipomlazimu kunikabidhi mbele ya baba mkwe wake na wale wazee, akapiga goti chini kabisa, kichwa kimeinama, mtu mzima yule, mama wa watoto.

"Dada, samahani kwa mkono wa kushoto."

Baba mkwe akaongeza kwa upole, "Mwie radhi, mama. Ndivyo alivyo siku hizi."

Yeye ndiye anaomba samahani! Mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa mizima, iko magotini. Nikanyoosha wa kushoto, nikaipokea kata kwa huo. Mzee mmoja akaguna.

"Mama Aika!" akasema baba mkwe.

"Nimeuona, baba," nikamwambia. "Ni wa kushoto. Na samahani sina."

Nikanywa yote.